Magofu ya Kilwa: Nani Alijenga, Nani Alinufaika, Nani Alilinda?

Kila mwaka vikundi vya makada, wanachuo na wanafunzi huvuka bahari kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani kuyaona magofu ya mji wa kale. Safari hizo ni jambo la maana, kwa sababu Taifa lisilojua lilikotoka ni rahisi kupotoshwa juu ya linakokwenda. Lakini kuona na kujifunza ni mambo mawili. Mara nyingi mgeni huonyeshwa msikiti, akatajiwa majina ya masultani, akapiga picha, akarudi na mshangao mtupu. Mshangao wa namna hiyo una hatari yake. Humfanya kijana aamini kwamba mambo makubwa ya historia hufanywa na wakubwa, na kwamba umma ni watazamaji tu.

Shabaha ya makala haya ni kuwasaidia makada waende Kilwa kama wanafunzi wa historia ya jamii. Tunapendekeza kila anayekwenda huko achukue maswali matatu. Kwanza, ni nani waliofanya kazi ya kuujenga mji huu? Pili, mali iliyoujenga ilitoka wapi, na ilimfaidia nani? Tatu, mji ulipovamiwa, ni nani walikuwa tayari kuulinda? Mtu akiyafuata maswali haya matatu kutoka jengo hadi jengo, ataona kwamba Kilwa inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: uwezo mkubwa wa watu wetu, na udhaifu mkubwa wa utajiri unaotegemea udalali na unyonyaji.

KIJIJI KILICHOUTANGULIA MJI

Wanahistoria wa kikoloni walipenda kusema kwamba miji ya mawe ya pwani ilikuwa kazi ya wageni kutoka Uajemi na Uarabuni, na kwamba Waafrika walikuwa vibarua au watumwa tu ndani yake. Fikra hiyo ilikuwa na kazi yake ya kisiasa. Ikiwa Mwafrika hakuwahi kujenga kitu, basi mkoloni amekuja kumsaidia wala hakuja kumnyonya.

Ardhi yenyewe ya Kilwa imeikanusha fikra hiyo. Katika uchimbaji wa mambo ya kale ulioongozwa na Neville Chittick, hasa katika miaka ya 1960, yalionekana chini ya majengo ya mawe mabaki ya kijiji cha nyumba za miti na udongo, cha tangu karne ya 9 hivi. Watu wa kijiji hicho walivua samaki, walifua chuma, walifinyanga vyungu na kutengeneza ushanga wa makombe ya bahari. Baadaye walisokota pamba, kwani vigurudumu vya udongo vya kusokotea vimepatikana kwa wingi. Mji wa mawe uliota juu ya kijiji cha wazalishaji mali.

Tarehe ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1552, na ambayo nakala yake ya Kiarabu imehifadhiwa London, inasimulia habari za Ali bin al-Hasan kutoka Shirazi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Wako waliosadiki kila neno la habari hiyo, na wako walioitupa kabisa. Sisi tunaona kwamba ilihifadhiwa na watawala ili kuhalalisha utawala wao, na kwa hiyo inatupasa kuisoma kwa tahadhari. Hata hivyo ndani yake mna jambo moja wasilolificha: kisiwa kilikuwa na wenyewe kabla ya mnunuzi kufika.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa chembechembe za urithi zilizotolewa katika mifupa ya watu 80 wa kale kutoka sehemu sita za pwani, zikiwemo Kilwa na Songo Mnara, na sehemu moja ya bara. Ulionyesha kwamba tangu karibu mwaka 1000 Waafrika na watu wa Asia, hasa Waajemi, walianza kuchanganya damu, na kwamba kwa wengi wa watu hao asili ya Kiafrika, iliyotoka hasa kwa akina mama, ilikuwa nusu au zaidi. Kwa hiyo hatuna haja ya kuwakana wageni waliooa, wakazaa na kuzikwa hapa. Tunachokataa ni kunyang'anywa akina mama wa mji huo, lugha yao ya Kibantu, na kazi ya mikono ya watu wao.

MAWE NI KAZI YA WATU

Mgeni akisimama ndani ya Msikiti Mkuu huona nguzo, matao na kuba. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, ya karne ya 11 au ya 12. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa katika karne ya 14, ikajengwa upya katika karne ya 15. Hayo ndiyo anayoelezwa. Sasa na ajiulize juu ya kazi.

Jiwe la kuta hizi ni la matumbawe. Lile gumu lilichimbwa katika nchi kavu. Lile laini, la kuchonga mihrabu na fremu za milango, lilikatwa baharini na kuchongwa lingali bichi, kabla halijakauka na kuwa gumu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya marundo makubwa ya kuni, kisha ikalowekwa mpaka ifae kwa ujenzi. Boriti za dari zilikatwa katika misitu ya mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki sana nafasi ya mita 3, vyumba vya nyumba za mawe vilijengwa virefu na vyembamba. Hivyo upana wa chumba cha tajiri uliamuliwa na mti uliokatwa topeni na mtu aliyezama matopeni mpaka magotini.

Basi kila ukuta ni hesabu ya kazi: wapiga mbizi, wakata kuni, wachoma chokaa, wabeba maji, waashi, mafundi wa nakshi, na wakulima na wavuvi waliowalisha wote hao. Majina yao hayakuandikwa mahali popote. Kwenye sarafu za shaba zilizotengenezwa Kilwa yameandikwa majina ya masultani. Sarafu mojawapo ya al-Hasan bin Sulaiman ilikutwa hata katika magofu ya Great Zimbabwe. Aliyeifua sarafu hiyo hajulikani.

Zaidi ya hayo, tusisahau kwamba magofu tunayoyaona ni ya sehemu moja tu ya mji. Watu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, ambazo hazikuacha kuta. Mgeni anayetembea kutoka msikitini kwenda kwenye jumba la Makutani anapita juu ya mitaa ya wavujajasho pasipo kujua. Hata ukimya huo ni ushahidi wa kitabaka, na kiongozi wa msafara wa mafunzo anao wajibu wa kuwaeleza vijana.

HUSUNI KUBWA NA DHAHABU YA WATU WENGINE

Mashariki ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari, liko gofu la Husuni Kubwa. Ni jumba lenye vyumba zaidi ya 100, lililojengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 14 kwa amri ya al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye kutoa sana. Lina birika la kuogea la pembe nane, ukumbi wa kupokelea wageni, na upande wa kusini ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vya kuwekea bidhaa. Ikulu na ghala vilikuwa chini ya paa moja. Hakuna kielelezo kizuri kuliko hiki cha tabaka lililotawala kwa biashara na kufanya biashara kwa utawala.

Biashara yenyewe ilikuwa ipi? Dhahabu ilichimbwa na kuchenjuliwa na watu wa nyanda za juu za Zimbabwe, ikafikishwa Sofala, katika Msumbiji ya leo, nayo Kilwa ikaidhibiti Sofala na kutoza ushuru. Pembe za ndovu zilitoka bara. Kutoka ng'ambo ziliingia nguo za India, ushanga wa kioo, na kauri za China ambazo vigae vyake vingali vikiokotwa mchangani. Utajiri mkubwa wa Kilwa haukutoka katika ardhi ya Kilwa. Ulitokana na kukaa katikati ya mchimbaji asiyemjua mnunuzi na mnunuzi asiyemjua mchimbaji. Kilwa ilikuwa dalali mkubwa wa Bahari ya Hindi.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, akamsifu sultani kwa ucha Mungu na ukarimu. Wanaosimulia habari zake mara nyingi huishia hapo. Lakini msafiri huyo huyo anaeleza kwamba sultani alikuwa na desturi ya kuzivamia nchi za Waafrika wa bara na kuteka mali. Anasimulia pia habari ya fakiri mmoja aliyeomba nguo alizovaa sultani. Akapewa, na mwishowe akatunukiwa watumwa pamoja na pembe za ndovu. Ukarimu wa mtawala ulipimwa kwa binadamu waliotekwa bara.

Hapa ndipo penye mtihani wa itikadi. Ni rahisi kujivunia Husuni Kubwa dhidi ya dharau ya mkoloni, na fahari hiyo ni haki yetu. Lakini mtu mwenye msimamo wa wafanyakazi na wakulima hawezi kuligeuza jumba la mnyonyaji kuwa hekalu kwa sababu tu mnyonyaji huyo alikuwa wa kwetu. Tena jumba lenyewe lilikaliwa kwa muda mfupi tu, likaachwa pasipo kumalizika. Lilizidi mahitaji ya jamii iliyolibeba.

MWAKA 1505

Katika karne ya 15 mambo yalibadilika. Great Zimbabwe ilihamwa, njia za dhahabu zikahama, na ndani ya Kilwa masultani na maamiri walipigania kiti. Mreno alipotokea, alikuta mji ambao tabaka lake la juu limegawanyika. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kwa mizinga itoe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ipo mpaka leo. Mjini Lisbon, katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, kimewekwa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kilichomalizika mwaka 1506, nacho chenyewe kina maandishi yanayotaja kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jasho la mchimbaji wa Zimbabwe, lililopitia ghala la sultani wa Kilwa, lilifikia altare ya mfalme wa Ulaya.

Julai 1505 alifika Francisco de Almeida na kundi la merikebu za kivita. Mji ulitekwa kwa siku moja bila upinzani mkubwa. Amiri Ibrahim, aliyekuwa mtawala, alikimbia. Nyumba ziliporwa, na Wareno wakamtawaza mtu wao. Ngome waliyoijenga ndiyo asili ya Gereza, jengo analolikuta mgeni kwanza anaposhuka ufukoni, ingawa sehemu kubwa ya kuta tunazoziona leo ni ya Waomani, mnamo mwaka 1800. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao na kuondoka, lakini biashara ya Kilwa ilikuwa imekwisha kuvunjwa mgongo.

Kwa nini mji uliosifiwa hivyo ulianguka upesi hivyo? Mizinga ni sehemu ya jibu, na hatuidharau. Lakini mizinga haielezi yote. Mtawala aliyeyavamia maeneo ya bara hakuweza kuyatazamia yamletee askari. Wachimbaji wa dhahabu hawakuwa na lao katika jumba la Kilwa. Mji uliokuwa na mawakala kila bandari haukuwa na umma nyuma yake. Hilo ndilo jibu la swali letu la tatu katika sura yake ya kwanza.

KUTOKA UDALALI WA DHAHABU HADI UDALALI WA WATU

Dalali aliyepoteza bidhaa moja hutafuta nyingine. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia sahihi mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja, pamoja na piasta 2 za zawadi kwa sultani mwenyewe kwa kila kichwa. Watu hao walipelekwa kwenye mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Ubepari uliokuwa ukikua Ulaya ulihitaji nguvu kazi mashambani, na mtawala wa Kiafrika akakubali kuwa mlango wake. Mkataba huu usomwe kwa sauti mbele ya kila kikundi kinachotembelea Makutani, kwa kuwa masultani wa karne ya 18 waliitumia ikulu hiyo.

Baadaye Waomani waliitawala Kilwa, na biashara ikahamia bara, Kilwa Kivinje. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa bandari kubwa ya misafara ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, mpaka mkataba wa Zanzibar wa mwaka 1873 ulipopiga marufuku biashara hiyo baharini. Hatukubali mtu atumie ukweli huu kuyafunika makosa ya ubeberu. Vivyo hivyo hatukubali ubeberu utumiwe kuufunika ukweli huu.

BARA INAPOSIMAMA

Kwa sababu hiyo ziara ya Kilwa inayoishia Kisiwani ni ziara nusu. Hatuna budi kwenda Kivinje, na kutoka Kivinje kwenda kwenye vilima vya Umatumbi.

Septemba 1888 wananchi wa pwani na wa bara waliungana Kilwa Kivinje kuipinga Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na wawakilishi wake wawili wakauawa. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga huko huko Hassan bin Omari Makunganya, aliyekuwa ameongoza upinzani dhidi yao. Yeye alikuwa pia mfanyabiashara wa misafara, na hatuna sababu ya kulificha hilo. Upinzani wa wakati ule ulikuwa bado mikononi mwa wenye mali.

Miaka 10 baadaye sura ya mapambano ilibadilika. Julai 1905, huko Nandete, wakulima waliochoshwa na kulazimishwa kulima pamba waliing'oa pamba hiyo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye mafundisho yake yaliyaunganisha makabila mengi, alinyongwa Mohoro mapema Agosti. Vita vya Majimaji viliendelea mpaka 1907, vikaenea kusini nzima. Mwanahistoria Mtanzania Gilbert Gwassa, mmoja wa waliokusanya masimulizi ya wazee mwaka 1968 pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikadiria kwamba watu kati ya 250,000 na 300,000 walikufa, wengi wao kwa njaa.

Tulinganishe. Mwaka 1505 mji wa mawe wenye dhahabu ulitekwa kwa siku moja. Mwaka 1905 wakulima wa nchi ile ile, wenye mikuki na magobole, walipigana na dola ya kibeberu kwa takriban miaka miwili. Walishindwa kwa silaha, na imani ya maji haikuzuia risasi. Lakini walikuwa wakilinda kilicho chao: shamba lao, kazi yao na utu wao. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere aliitaja Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alipodai haki ya Tanganyika kujitawala.

WAJIBU WETU

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu bahari ilikuwa ikila ufuko na kuta zilikuwa zikianguka. Mwaka 2014 yakaondolewa baada ya kazi kubwa ya hifadhi. Kazi hiyo haina mwisho. Ukikatwa mkoko unaokinga ufuko, bahari hurudi. Tena wanakijiji wa Kisiwani, wavuvi na wakulima wanaoishi kati ya kuta hizi, ndio walinzi wa kwanza. Ikiwa mgeni anakuja na fedha yake yote inabaki kwa mawakala wa mbali, tutakuwa tumeyarudisha mahusiano yale yale ya Husuni Kubwa.

Somo hili linavuka mipaka ya magofu. Katika wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, gesi asilia iligunduliwa Songosongo mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imepelekwa Dar es Salaam kuzalisha umeme. Ni neema kubwa kuliko dhahabu ya Sofala, na tofauti ni kwamba hii iko katika ardhi yetu wenyewe. Lakini mali ya asili haimkomboi mtu kwa kuwapo tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisisitiza kwamba msingi wa maendeleo ni watu na juhudi zao, wala si fedha. Mji uliotajirika kwa kupitisha mali ya wengine, bila kuuinua umma uliouzunguka, umekwisha kutuonyesha mwisho wake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa makada na walimu mambo manne. Moja, kila kikundi kisome habari za Kilwa kabla ya safari, na kijadili maswali yale matatu papo hapo mbele ya majengo. Mbili, safari ijumuishe Kisiwani, Kivinje na Umatumbi, ili bara na pwani visomwe kama historia moja. Tatu, wazee wa vijiji hivyo wasikilizwe na masimulizi yao yaandikwe, kwani kila mwaka tunawazika wengi pamoja na waliyoyajua. Nne, kila kikundi kiache kazi ya mikono, kama vile kupanda mikoko au kusafisha magofu chini ya uongozi wa wataalamu na kwa ridhaa ya wanakijiji.

Mwanafunzi atakayekuwa amebeba jiwe moja la matumbawe juani kwa saa moja hatauliza tena kama wenyeji waliweza kuijenga Kilwa. Atauliza walilipwa nini. Swali hilo ndilo tunalotaka arudi nalo nyumbani, aliulize pia juu ya barabara, viwanda, mashamba na visima vya gesi vya siku zetu.